Chaki Mkononi, Mbwa Sakafuni: Tamaa na Visasili vya Paula Rego

Mwaka wa 1994, mchoraji mmoja Mreno aliyekuwa akiishi London alimwomba msaidizi wake achuchumae kama mbwa, aweke mikono sakafuni na afungue mdomo. Akamchora kwa chaki za rangi, zile zinazoitwa pasteli, kwenye turubai yenye upana wa mita moja na nusu hivi. Picha hiyo inaitwa Dog Woman, yaani Mwanamke Mbwa. Aliyemo ndani ana mapaja mazito, mabega mapana na nguo ya kawaida tu, na huwezi kusema kwa hakika kama anabweka, analia au anajiandaa kung'ata. Hajapendezeshwa. Pia hajadhalilishwa, na hapo ndipo mtazamaji huanza kuchanganyikiwa, kwa sababu tumezoea kwamba mtu akifananishwa na mbwa, lazima ametukanwa.

Mchoraji huyo ni Paula Rego. Wakati huo alikuwa na miaka 59, umri ambao wengi huwa wameshajua mkono wao unafanya nini na wanarudia tu. Yeye alikuwa amechora kwa rangi za akriliki kwa miaka mingi, watu wakamjua kwa hizo. Kisha akaziweka kando, akachukua chaki, na kazi nyingi zinazomfanya atajwe leo zikaanzia hapo.

Hadithi ya mbwa aliipata kwa rafiki yake. Kulikuwa na bibi mzee aliyeishi peke yake na wanyama wake, kwenye nyumba iliyozungukwa na mchanga. Usiku upepo ulipovuma, alisikia sauti ya mtoto ikishuka kupitia bomba la moshi, ikimwambia awale wanyama wake. Basi bibi akapiga magoti, akawala mmoja mmoja. Hiyo ndiyo hadithi yote. Haina funzo na haielezi kwa nini. Sisi tulioitikia "pakawa" tukiwa bado hatujaota meno yote tunaijua aina hii ya hadithi: zimwi likimeza kijiji kizima, hakuna anayeuliza zimwi lina shida gani ya kisaikolojia. Rego naye hakuuliza. Alichojali ni kwamba mzee yule alikuwa na njaa, na njaa ikashinda adabu.

Hapa Kiswahili chenyewe kinanikwamisha kidogo. Kitu ambacho Rego alikichora kwa karibu miaka 30 tungekiita tamaa, lakini neno tamaa likifika huwa limeshahukumiwa mlangoni: tamaa mbele, mauti nyuma. Ashiki tumewaachia waimbaji wa taarabu. Hamu ni ya chai, au ya mtu aliye mbali. Hatuna neno tulivu la kusema mwanamke anataka kitu, anakitaka kwa mwili wake wote, na bado hatujaamua kama yuko sawa au amekosea. Nitatumia tamaa hivyo hivyo, na msomaji aiondolee mauti kwa muda.

Pasteli ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi kidogo sana, ukakandwa na kukaushwa uwe kijiti. Haihitaji brashi wala mafuta, na hakuna kusubiri ikauke. Unapaka, unafuta kwa kidole, unapaka tena juu yake. Vumbi linaingia puani na chini ya kucha. Picha ikiisha lazima iwekwe chini ya kioo, la sivyo mtu akipitisha mkono wa shati anaondoka na nusu ya uso wa mtu.

Karne ya 18 huko Ulaya hii ilikuwa njia ya kuchora mashavu ya matajiri. Rosalba Carriera, mwanamke wa Venice, aliifanya ipendwe mno, kiasi kwamba alipofika Paris mwaka 1720 alipokelewa katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, mahali ambapo wanawake walihesabika kwa vidole. Unga ule ulifaa poda, hariri na nywele za bandia. Mapinduzi ya 1789 yakaja, wenye hariri wakakimbia au wakakatwa vichwa, na pasteli ikaonekana kitu cha mabwanyenye waliopitwa na wakati. Miaka mia moja baadaye Edgar Degas akaichukua na kuifanya iwe ngumu. Aliikwaruza kwa mistari, akachora wanawake wakioga kwenye mabeseni, wakijikausha migongo, wakichana nywele. Alizionyesha baadhi ya picha hizo katika maonyesho ya mwisho ya Impreshonisti, 1886. Ni kazi kubwa, sibishi. Ila ukizitazama kwa muda utagundua kwamba karibu wote wametupa mgongo. Ni kama mtu amesimama penye tundu la kitasa, na wewe umesimama nyuma yake ukisubiri zamu yako.

Rego alimjua Degas vizuri, na wanawake wake hawapendi sana kukupa mgongo. Alikuwa akieleza kwamba kwa pasteli hakuna brashi kati yako na karatasi, mkono wenyewe ndio unaotengeneza mwili, karibu na kazi ya mchongaji. Ukiona mapaja ya Mwanamke Mbwa utaamini: yamekandamizwa kama unga wa chapati.

Sasa turudi nyuma, maana hasira hii haikuanzia London.

Paula Rego alizaliwa Lisbon tarehe 26 Januari 1935. Ureno ilikuwa tayari mikononi mwa António de Oliveira Salazar, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1932 na ambaye hakutoka hadi 1968, afya ilipomwangusha. Utawala wake uliitwa Estado Novo, Dola Mpya, na upya wake ulikuwa huu: Mungu, taifa na familia, kila mtu akae mahali pake, na polisi wa siri wahakikishe amekaa. Mahali pa mwanamke palikuwa nyumbani. Kwa miaka mingi ya utawala huo, mke alihitaji ruhusa ya mumewe ili asafiri nje ya nchi. Kuavya mimba kulikuwa kosa la jinai, kwa hiyo kulifanywa vyumbani, kwa siri, na wanawake wakafa kwa siri hiyo hiyo.

Kuna jambo dogo la lugha hapa siwezi kuliacha. Wareno walipokaa pwani yetu walituachia maneno kadhaa: meza, bendera, leso. Wataalamu wa lugha wanasema neno gereza nalo limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Sitajifanya mwanaisimu, lakini nikimsoma Rego huwa nalikumbuka neno hilo.

Familia yake haikumpenda Salazar. Baba yake alikuwa mhandisi, mtu aliyeipenda Uingereza, akampeleka shule ya Kiingereza nje kidogo ya Lisbon na baadaye Uingereza kwenyewe. Inasemwa kwamba alitaka binti yake aondoke kwa sababu Ureno haikuwa nchi ya wanawake. Kati ya 1952 na 1956 Paula alisoma Slade, shule ya sanaa London, na huko akampenda mwanafunzi mwenzake, Victor Willing, aliyekuwa na mke tayari. Uzeeni, katika filamu ya mwaka 2017 iliyotengenezwa na mwanawe, Nick Willing, alisimulia miaka hiyo waziwazi, ikiwemo mimba alizotoa akiwa msichana, wakati jambo hilo lilikuwa haramu Uingereza pia. Walikuja kuoana 1959. Kwa muda waliishi Ericeira, kijiji cha wavuvi Ureno, na Rego alikumbuka wanawake wa pale waliokuja mlangoni kwake kuomba pesa za kutolea mimba. Walikuwa na watoto wengi tayari, na waume zao walikuwa baharini.

Mwaka 1960 alichora picha ya mafuta aliyoiita Salazar Akitapika Nchi. Dikteta alikuwa bado yuko madarakani, na mwaka uliofuata vita vya ukombozi vingeanza Angola, kisha Msumbiji mwaka 1964, vikiongozwa na Frelimo waliokuwa wameundiwa nyumba yao Dar es Salaam. Picha yenyewe haieleweki upesi, ni maumbo ya ajabu ajabu yanayomwagika. Nadhani hiyo ndiyo iliyomsaidia. Mtu wa usalama angeitazama, akune kichwa, apite. Rego mapema sana alijifunza kwamba hadithi isiyoeleweka vizuri ni mahali pazuri pa kujificha.

Miaka ya katikati naipitia haraka. Willing aliugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu kwa zaidi ya miaka 20, akafa 1988. Katika miaka yake ya mwisho alisaidiwa na msichana Mreno, Lila Nunes, ambaye baadaye akawa ndiye mwili ndani ya picha za Rego: ndiye mbwa, ndiye malkia, ndiye malaika, ndiye bikira. Wakizungumza Kireno studioni, walivaa, wakavua, wakapanga wanasesere na viti vibovu. Nikisoma maandishi mengi kuhusu Rego naona Lila anapewa sentensi moja tu, na sidhani inatosha. Kubaki umechuchumaa kama mbwa saa nzima ni kazi.

Baada ya mbwa zikaja hadithi nyingine, na hapa ndipo Rego anapokuwa hatari, maana aliingia kwenye ngano ambazo kila mtu anadhani anazijua. Mwaka 1995 alichora Snow White akimeza tofaa lenye sumu. Binti mfalme wetu amevaa gauni lake la Disney, lile la bluu na manjano, lakini si kisichana tena. Ni mwanamke mtu mzima, ameanguka vibaya, mwili umepinda. Hakuna jeneza la kioo wala mkuu wa kumbusu. Mwaka huo huo akachora Mbuni Wanaocheza, kutokana na filamu ya Fantasia ya 1940, ile yenye mbuni wanaocheza baleti. Kwa Disney ni kichekesho. Kwa Rego ni wanawake wa makamo ndani ya visketi vyeusi vya baleti, miguu minene, wamechoka, wamelala chini, wananyoosha shingo, bado wanangoja kitu. Tamaa yao haijui kwamba wamezeeka, au inajua na haijali.

Mwaka 2003 alifika kwa Kigwe Chekundu, yule msichana anayekutana na mbwa mwitu akienda kwa bibi yake. Unaijua. Mbwa mwitu anamla bibi, na kwa Rego mbwa mwitu ni mwanamume kabisa, hana manyoya yoyote. Mama wa msichana anakuja na kumuua. Katika picha ya mwisho mama ameketi kiungwana, amevaa kofia na nguo nzuri kama anaenda harusini, na mabegani amejitanda ngozi ya mbwa mwitu. Nimeonyesha picha hii kwa marafiki bila kuwaeleza chochote, na kila mmoja alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

Kuna pia Malaika wa 1998. Rego alikuwa akifanyia kazi riwaya ya Eça de Queirós ya karne ya 19, kuhusu padri aitwaye Amaro anayemtongoza msichana Amélia. Msichana anapata mimba, mtoto anakabidhiwa mtu ambaye kila mtu anajua watoto hawarudi wakifika kwake, na Amélia anakufa. Padri? Padri anaendelea na maisha. Rego aliichora hadithi hiyo, halafu akaongeza mtu ambaye kwa Eça hayumo: mwanamke amesimama wima, sketi ya dhahabu inayometa, mkono mmoja umeshika upanga na mwingine sifongo. Vitu hivyo ni vya mateso ya Yesu katika sanaa ya kanisa. Anakutazama kama mtu anayekujua jina. Sijui kama amekuja kuadhibu au kukuosha, na sidhani Rego alitaka tuchague.

Mwaka huo huo wa 1998, tarehe 28 Juni, Ureno ilipiga kura ya maamuzi kuhusu uavyaji mimba: je, mwanamke akiamua mwenyewe, ndani ya wiki 10 za kwanza, asishtakiwe? Waliosema la walikuwa karibu asilimia 51, waliosema ndiyo asilimia 49. Lakini namba iliyomchoma Rego ilikuwa nyingine. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 32 tu ya wapiga kura. Thuluthi mbili ya nchi walikaa nyumbani. Ilikuwa Jumapili ya kiangazi. Nchi ambayo wanawake wake walijua kila kitu kuhusu jambo hili ilishindwa kwenda kulisema ndani ya kibanda cha kura ambamo hakuna anayekuona.

Rego alikasirika, akaingia studioni. Kuanzia Julai hadi mapema 1999 alichora pasteli kubwa kuhusu wanawake waliotoa mimba kwa siri, na kila moja akaiita Untitled, Bila Jina. Wengi ni wasichana wa umri wa shule, mmoja ana sare. Wako kwenye vyumba vya kawaida, vyenye kitanda chenye taulo, ndoo, beseni la plastiki, viti viwili vya kukunja vya kuwekea miguu. Hakuna daktari wala mwanamume yeyote, na hakuna damu inayoonekana. Mmoja amejikunja akitazama ukutani. Mwingine amechuchumaa juu ya ndoo, na mkao wake ni ule ule wa Mwanamke Mbwa, nadhani si kwa bahati mbaya. Kuna anayekutazama moja kwa moja, magoti yameinuliwa, uso mkavu, kama anakuuliza unangoja nini hapo mlangoni.

Hapa chaki inafanya kitu ambacho nadhani picha ya kamera isingeweza. Kamera ingemfanya msichana huyo awe ushahidi, mtu wa kuhurumiwa. Rego alimchora kwa uzito ule ule aliowapa malkia na malaika wake, mapaja yale yale, shingo ile ile. Hajamwondolea tamaa iliyomfikisha pale. Mahubiri mengi, hata yale ya watu wa upande wake, hupenda mwathiriwa asiyetaka kitu, asiyewahi kutaka. Wasichana wa Rego walitaka. Walimtaka mtu fulani, au walitaka tu, na sasa wanataka kumaliza jambo hili waende nyumbani. Ukitazama kwa haraka unaona maumivu peke yake, na ni kweli yapo, lakini zipo pia nyuso zilizokwisha kuamua.

Picha zilionyeshwa Lisbon mwaka 1999, kwenye kituo cha sanaa cha kisasa cha Gulbenkian. Rego hakuridhika na ukuta wa makumbusho. Alichonga picha hizo pia kwenye mabamba ya kuchapia ili ziweze kutoka nakala nyingi na kusambaa, zifike kwa watu ambao hawaingii makumbusho. Tarehe 11 Februari 2007 Ureno ilipiga kura tena juu ya swali lile lile. Safari hii karibu asilimia 59 walisema ndiyo, na sheria ikabadilishwa mwaka huo. Wengi wamezipa picha za Rego sehemu ya sifa. Mimi ningeenda polepole hapo. Kati ya kura hizo mbili wanawake na wahudumu wa afya walifikishwa mahakamani, magazeti yakaandika, vyama vikabadilika, watu waliokaa nyumbani 1998 wakaona aibu. Picha hazipigi kura. Ila mtu anayesema hazikufanya chochote anapaswa kueleza ni kitu gani kingine kilichoweka beseni lile la plastiki mbele ya macho ya nchi ambayo ilikuwa imezoea kulitoa nje kwa mlango wa nyuma.

Kati ya kura hizo mbili kulitokea jambo ambalo mimi hulirudia mara nyingi kuliko yote. Rais wa Ureno, Jorge Sampaio, alimwalika Rego achore maisha ya Bikira Maria kwa ajili ya kanisa dogo ndani ya Ikulu ya Belém, Lisbon. Ni mwaliko wa ajabu ukifikiria: mwanamke aliyetoka tu kuchora ndoo na mataulo anaitwa na dola kuchora mama wa Mungu. Alikubali. Mwaka 2002 alikamilisha picha nane, kwa chaki zile zile.

Katika picha ya kupashwa habari, Maria ni msichana wa shule, na malaika aliyeketi karibu naye anaonekana kama shangazi aliyekuja na neno zito. Katika kuzaliwa kwa Yesu hakuna nyota wala wachungaji waliopiga magoti kwa utulivu. Kuna msichana mwenye uchungu wa kuzaa, tumbo kubwa, mwili umekaza, na malaika amemshikilia kwa nyuma kama mkunga. Rego aliwahi kueleza kwamba karne na karne wanaume ndio waliochora hadithi hii na wakasahau kwamba mtu alizaa. Mwishoni, Maria aliyembeba Yesu aliyekufa mapajani ni msichana mdogo mno, mwanawe amemzidi ukubwa.

Aliyesimama, akaketi na kulala kwa ajili ya Maria alikuwa Lila Nunes, yule yule wa 1994. Rego alifariki London tarehe 8 Juni 2022. Picha za Belém bado ziko kwenye kanisa hilo, chini ya kioo, mahali ambapo marais wa Ureno hupita.